Bakuli Linalovuja

Ujumbe wa Sensei uliingia Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa bado napuliza moto wa chai. "Dada, mjomba anaomba kuliona bakuli. Leo tupige simu ya video? Saa nne kwenu, saa kumi jioni kwetu." Nilijibu "Sawa, karibuni sana," nikafuta mikono kwenye kitenge, nikaenda kwenye kabati la sebuleni. Sanduku la mbao lilikuwa mahali pake, juu ya vitabu vya Jiografia, limefungwa utepe wake kama siku zote. Nikalinyanyua, likaja juu upesi mno. Lilikuwa tupu.

Nilikuwa na saa nne kasoro, basi. Ili msomaji ajue kwa nini nilikaa chini sakafuni asubuhi ile, lazima nianzie mbali kidogo.

Sensei alikuja Nkwenda mwaka 2009, wakati sisi bado ni Wilaya ya Karagwe. Kyerwa tumekuwa wilaya mwaka 2012. Alikuwa mmoja wa vijana wa kujitolea ambao Japani imekuwa ikiwaleta Tanzania tangu mwaka 1967, akafundisha Hisabati shuleni kwetu miaka miwili. Wanafunzi ndio waliomwita Sensei, walipomuuliza kwao mwalimu huitwaje, na jina likamkaa. Alipanga chumba uani kwetu. Alijifunza kumenya ndizi bila kujipaka utomvu, akajifunza kupokea kahawa ya kutafuna kwa mikono miwili, na kila mtu mzima alimwita "waitu" kwa heshima mpaka wazee wakamwona mtoto wao. Siku ya kuondoka, gari la kwenda Omurushaka likipiga honi barabarani, alinipa lile sanduku. Ndani mlikuwa na bakuli ambalo mjomba wake, mfinyanzi wa mji wa Hagi, alilifinyanga kwa mikono yake. Aliniambia ni la kunywea chai. Akalia, nami nikalia, na maelezo yote mengine yakapotelea kwenye machozi.

Lilikuwa bakuli la kutosha viganja viwili, zito kiasi, rangi yake kati ya maziwa na ganda la ndani la ndizi mbivu. Juu ya udongo kulikuwa na ule utando unaong'aa kama kioo, na ndani ya utando nyufa nyembamba mno, kama tope la bwawa lililokaushwa na jua. Ukilishika unaona vidole vya mtu vilipopita. Nililiweka mezani nikalitazama jioni nzima.

Kesho yake nikachemsha chai ya maziwa na tangawizi, nikamimina humo, nikaketi kusahihisha mitihani ya Kidato cha Pili. Nilipofika karatasi ya kumi hivi, nikanyanyua bakuli ninywe, na karatasi ikanyanyuka pamoja nalo. Chini palikuwa na duara la chai, limepenya karatasi sita. Nikafuta, nikaliweka kwenye sahani. Baada ya dakika chache sahani nayo ikalowa. Bakuli lilikuwa linavuja. Halikuvuja kwa tundu wala kwa ufa. Lilikuwa linatoka jasho, kitako chote.

Niliumia. Nilifikiri limepasuka njiani kutoka Japani, na Sensei hajui, na nikimwambia atasikitika. Kwa hiyo sikumwambia. Nilimwambia mume wangu, ambaye ni fundi pikipiki pale sokoni, na yeye hajawahi kuonyeshwa kitu kibovu akakiacha hivyo hivyo.

Alilipindua bakuli chini ya taa, akaona alichokuwa anakitafuta. Kitako chake kimeinuka duara, kama kata wanayoweka akina mama kichwani kabla ya kujitwika ndoo. Kwenye duara hilo palikuwa na pengo, limekatika upana wa kidole gumba. "Hapa ndipo lilipogongwa," alisema. Akaleta gundi ya chuma, ile ya kuchanganya tyubu mbili, akaikoroga na simenti kidogo, akaziba pengo, akalisawazisha kwa msasa mpaka ukipitisha kidole huoni mshono. Ilikuwa kazi safi, kazi ya mtu anayempenda mkewe. Simenti ilikuwa ya kijivu kwenye udongo wa rangi ya maziwa, na bakuli likaendelea kuvuja kama kawaida.

Ilinichukua miaka kujua kwamba lile halikuwa pengo la kugongwa. Wafinyanzi wa Hagi wana desturi ya kukata kitako namna ile kwa makusudi, udongo ukiwa bado mbichi. Tanuri za mji huo zilianzishwa na ndugu wawili Wakorea, Yi Jak-gwang na Yi Gyeong. Walikuwa miongoni mwa wafinyanzi waliopelekwa Japani wakati wa vita vya Hideyoshi, mtawala wa Japani, huko Korea, kati ya 1592 na 1598, na mwaka 1604 bwana wa nchi ile, Mōri Terumoto, alipohamia Hagi, wakaenda naye. Kwa nini wanakata kitako, zipo hadithi zaidi ya moja. Inayosimuliwa sana ni kwamba vyombo vizima vilikuwa vya bwana, na chombo chenye kasoro ndicho watu wa kawaida walichoruhusiwa kununua. Basi mfinyanzi akakitia kasoro kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nikiipima hadithi hiyo naiona ya kupendeza mno kuwa kweli yote. Lakini mkato upo, na mume wangu aliuziba.

Kuvuja nako ni tabia yake. Udongo wa Hagi hauchomwi mpaka ukakazana kama kauri ya dukani. Unabaki na vitundu, na chai inapita taratibu kwenye zile nyufa za utando. Ukilitumia miaka, rangi ya chai inaingia na kukaa, chombo kinageuka kidogo kidogo, na pale Hagi husemwa kwamba chombo chao hubadilika mara saba. Chai yenyewe ni ya unga wa kijani, matcha, inayopigwapigwa kwa kifagio kidogo cha mwanzi mpaka itoe povu. Mgeni hulipokea bakuli kwa mikono miwili, akalizungusha kidogo ili asiweke mdomo wake upande wa mbele, ule ambao mwenyeji amemgeuzia kwa heshima. Akishamaliza, hulipindua akatazama kitako, kwa sababu kitakoni ndipo mara nyingi utando haufiki, udongo uko wazi, na mkono wa mfinyanzi unasomeka.

Hayo yote sikuyajua. Nilichojua ni kwamba nina zawadi mbovu ya mtu ninayempenda. Nikalisuuza, nikalifunga na utepe wake, nikalirudisha kabatini likiwa halijakauka sawasawa, na ilikuwa mwezi wa nne. Wanaokaa Kyerwa wanaijua mvua ya mwezi wa nne: ukungu unakaa migombani mpaka saa tano, kahawa haikauki kwenye mikeka, viatu vinaota kuvu chini ya kitanda. Nilipolifungua tena, mwezi wa saba, harufu ilinirudisha nyuma. Madoa meusi yalikuwa yameshika ndani kama ramani ya visiwa. Nikachukua sabuni ya unga na stilwaya nikasugua kama nasugua sufuria la makande. Ule mng'ao wa ndani ukafifia upande mmoja, na mikwaruzo ile ipo mpaka leo. Sabuni nayo ikaingia kwenye vitundu, na kwa wiki mbili chochote ulichotia humo kilikuwa na ladha ya kufulia.

Ndipo akaja mamamkwe.

Alikuja kukaa nasi baada ya baba mkwe kufariki. Alikuja na begi moja, mkeka, na nyungu moja nyeusi, chungu cha kupikia kilichotoka mikononi mwa baba yake mzazi, aliyekuwa mfinyanzi. Utoto wake ulikuwa ni kubeba udongo kutoka bondeni, kuuponda, kuokota mawe ndani yake, na kusaga vigae vya vyungu vilivyovunjika ili vichanganywe na udongo mpya usipasuke motoni. Siku ya tatu aliliona bakuli jikoni. Akaligonga kwa ukucha, akasikiliza. Akalipindua, akaweka kidole kwenye simenti.

"Nani kaziba hapa?"

"Mwanao, mama. Palikuwa pamevunjika."

"Hapakuvunjika. Hapa palikatwa, udongo mbichi. Tazama pembe zake zilivyolala. Kitu kikavu kikivunjika pembe zinasimama." Kisha akalilamba. Naapa, alilamba kitako cha bakuli, na ulimi ukanata kidogo. "Hiki chombo hakijalishwa," akasema. "Mukamwana, umempa mtoto mchanga kazi ya mtu mzima."

Mume wangu, aliposikia kwamba alichoziba hakikuwa pengo, alitaka kuing'oa simenti siku ile ile kwa tindo na nyundo. Mama alimpokonya nyundo. Udongo uliokwisha kuchomwa, alisema, ukiupiga mahali pamoja unaachia mahali pengine. Simenti ikabaki.

Alichofanya kesho yake nilikitazama mwanzo hadi mwisho, na nakieleza kama nilivyokiona kwa sababu naogopa nyumba nyingi hapa kwetu hakuna tena wa kukieleza. Alichukua sufuria kubwa, akatandika jani la mgomba chini ili bakuli lisigonge chuma. Akaliweka bakuli, akamimina maji ya baridi mpaka yakalifunika. Akaniambia usiweke kamwe udongo wa baridi kwenye maji ya moto. Akakoroga unga wa mtama, kiganja kimoja tu, uji mwepesi kama maziwa yaliyotiwa maji, akaumimina. Moto wake ulikuwa vijiti viwili. Maji yalichukua zaidi ya saa moja kuanza kutikisika, na yalipotikisika alivuta kijiti kimoja nje. Hayakuachwa yachemke kwa kelele hata mara moja. Viputo vidogo vilikuwa vinatoka kwenye kitako cha bakuli, mstari baada ya mstari, ile hewa ya kwenye vitundu ikitoka na uji ukiingia mahali pake. Mama alikaa kwenye kigoda anavitazama kama mtu anayehesabu. Jioni moto ulipokufa, hakulitoa. Lililala mle mle kwenye uji, likapoa nao. Asubuhi akalitoa, akaliosha kwa maji matupu, akalianika kivulini siku nne.

Siku ya tano nilimimina chai, nikaliweka juu ya karatasi nyeupe, nikasubiri nusu saa. Karatasi ilikuwa kavu.

Nilimwandikia Sensei usiku ule, kwa mara ya kwanza nikamwambia yote, kasoro simenti. Alijibu kwamba kwao chungu kipya cha kupikia hakiingii kazini mpaka kipikiwe uji mwepesi wa mchele, kwa moto mdogo, kisha kiachwe kipoe na uji wake, na kwamba bibi yake alikuwa akivichemsha hata vyombo vya chai vinavyovuja vivyo hivyo. Nilimsomea mama ujumbe ule. Hakushangaa. Aliuliza tu, mtama hawana?

Nimefundisha Historia na Jiografia miaka mingi, na kila mwaka nawaambia wanafunzi habari za vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la eneo la Urewe huko Siaya, Kenya, ambako vilitambuliwa kwanza. Vigae vya aina hiyo vimefukuliwa huku Kagera pia, upande wa Buhaya, pamoja na tanuri za chuma za watu walioishi hapa zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Vingi vina kishimo kitakoni, kama mtu aliyebonyeza kidole gumba kabla udongo haujakauka. Nilikuwa nalisema hilo ubaoni kama tarehe ya kukariri. Sikuwahi kuwauliza watoto nyumbani kwao chungu kiko wapi. Nikawauliza mwaka ule, darasa la wanafunzi zaidi ya hamsini: vitatu. Vyote vitatu vilikuwa vya bibi. Nyumba zetu zimejaa ndoo na vikombe vya plastiki, wepesi wake tunaupenda, na mimi ni mmoja wao. Lakini chungu kilipotoka jikoni kilitoka na mtu aliyejua kukilisha, na hilo linaniuma kuliko chungu chenyewe. Mfinyanzi wa Hagi ana miaka zaidi ya 400 ya watu wanaosimama mlangoni kununua kazi yake na kuuliza inatunzwaje. Baba yake mamamkwe alipozeeka, wateja walikuwa wamekwisha kwenda kwenye sufuria.

Tangu hapo bakuli likawa mali ya mama, ingawa sanduku liliendelea kukaa kabatini na mimi niliendelea kujiambia kwamba nalitunza. Na ndiyo maana asubuhi ile ya Jumamosi nilikuwa nimekaa sakafuni na sanduku tupu.

Watoto waliulizwa kwanza. Mkubwa alisema aliliona juzi jikoni. Mdogo alisema ndani yake mlikuwa na karanga. Mume wangu, ambaye alikuwa anakaza mnyororo uani, alisema kwa sauti jambo ambalo hakutakiwa kulisema, kwamba dada wa kazi alikwenda sokoni Alhamisi na mfuko mkubwa. Dada wa kazi alisikia. Akaweka ndoo chini, akaingia chumbani, tukasikia zipu ya begi lake. Nikaenda kumwomba radhi mlangoni, mume wangu akaja nyuma yangu akamwomba radhi mwenyewe, na hayo yakala nusu saa nzima ya ule muda tuliokuwa nao. Tukatafuta bandani kwa kuku, chini ya uvungu, kwenye gunia la maharage. Saa tatu ikafika. Hapo ndipo niligundua kwamba tumemuuliza kila mtu isipokuwa mama, na kwamba mama hayupo.

Alikuwa kwa jirani, nyumba ya nne kuteremka, kwa binti aliyejifungua siku tisa zilizopita. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mtoto mchanga mapajani kwake, na mzazi ameegemea ukuta ameshika bakuli la mjomba wa Sensei. Lilikuwa na uji wa ulezi, limejaa hadi karibu na ukingo, linatoa mvuke.

"Kikombe cha bati kinamuunguza vidole," mama alisema kabla sijafungua mdomo. "Cha plastiki uji unapoa upesi. Hiki anakishika."

Na kweli alikuwa amekishika, kiganja kimoja chini ya kitako, vidole vimepanda ubavuni, mkono wa pili uko huru kwa ajili ya mtoto. Nilieleza habari ya simu kwa pumzi iliyokatika. Mzazi akataka kumimina uji kwenye kikombe. Mama akakataa: uji haumwagwi nusu, na bakuli halipozwi ghafla. Basi tukapanda kilima wote, mimi mbele na simu, mama nyuma na bakuli la uji limefunikwa kwa kitambaa, polepole kwa mwendo wake, kuelekea ule ukuta wa nyuma wa shule ambako mtandao unashika. Mume wangu alitufuata. Saa nne na dakika mbili simu ikalia.

Sensei amenenepa kidogo, nywele zimeanza mvi. Kando yake alikaa mzee mdogo aliyejifunga shuka magotini. Mikono yake alikuwa ameiweka juu ya shuka, na niliitambua ile mikono, vidole vilevile ambavyo nimevipapasa ubavuni mwa bakuli miaka yote hii. Nilimsalimu. Mama akamsalimu kwa Kinyambo, salamu yote mpaka mwisho, naye mzee akainama hadi salamu ilipokwisha.

Aliomba kuona ndani. Mama akanyanyua kitambaa, uji ukaonekana. Sensei akacheka, akatafsiri, mzee akasogeza uso kwenye kioo. Kisha akasema kitu, na Sensei akanigeukia na Kiswahili chake cha Nkwenda ambacho hakijapotea: "Anaomba aone kitako, lakini anasema msimwage. Atasubiri."

Mama akaunywa. Alikunywa uji wote taratibu, bila haraka yoyote, na mzee wa Hagi upande wa pili wa dunia akamtazama mpaka tone la mwisho. Akafuta ndani kwa kitambaa, akalisogeza karibu na kamera. Nyufa zote zimekuwa za rangi ya kahawia, wavu mzima, na upande mmoja ile mikwaruzo ya stilwaya yangu. Rangi ya maziwa imegeuka asali. Mzee hakusema neno. Akaonyesha kwa mkono: pindua.

Mama akapindua. Ile simenti ikakaa katikati ya kioo, ya kijivu, laini, haina pa kujificha.

Mzee aliuliza, na Sensei hakutafsiri mara moja.

"Anauliza nani aliziba."

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya ukuta. Angeweza kubaki huko. Alitoka, akavua kofia, akainama mbele ya simu. "Mimi, mzee. Niliona pamevunjika. Sikujua."

"Nilimwambia," mama alidakia kwa sauti ili ifike Japani. "Mwambie nilimwambia palikatwa kwa waya, udongo mbichi."

Sensei akatafsiri yote mawili. Mzee akamtazama mama, akanyanyua mikono yake juu ya shuka, akashika uzi usioonekana kati ya vidole viwili vya kila mkono, akauvuta kuelekea kifuani, mara moja, mkato mfupi. Mama akaweka bakuli mapajani, akanyanyua yake, akafanya vilevile, ila yeye aliuvuta kwenda mbele, kama alivyokuwa akifanya baba yake. Wakatazamana. Mzee akarudia, safari hii kwa kwenda mbele.

Kisha akamwambia mume wangu kitu kifupi.

"Anauliza," alisema Sensei, "mezani linasimama vizuri?"

"Linasimama," alijibu mume wangu.

Mtandao ukakatika hapo, picha ikaganda mzee ameinua mikono. Tulisubiri robo saa, haukurudi. Mama alikwisha simama. Alikuwa amelifunga bakuli kwenye kitambaa na anateremka kilima, kwa sababu amekunywa uji wa mzazi na ilibidi akapike mwingine.